Kasuku wa Mama Mkwe

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa. Sijaongeza neno, sijapunguza neno, na watu wakikataa kunishuhudia, hata kuku wa mtaa huu watanishuhudia. Wapo wanaosema kwamba nilistaafu kazi lakini uongo sikustaafu. Hao wasikusumbue. Wewe soma.

Keneth Luhende anakaa Bariadi, upande wa barabara ya Lamadi. Kazi yake ni kununua na kuuza ng'ombe. Anazunguka minada, leo Mwandoya, kesho Maswa. Sauti yake ni kubwa. Akimsalimia mtu Maswa, aliyeko Lagangabilili anaitikia. Fahali mkali akimwona Keneth anapanga miguu vizuri kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Keneth haogopi fahali wala fisi. Duniani anamwogopa mtu mmoja tu, naye ni mama mkwe wake, Mama Domitila.

Si woga wa kupigwa. Ni heshima. Kwa Wasukuma wa rika lake, mtu hali chakula mbele ya mama mkwe. Keneth akiwa mezani, mama mkwe akatokea, basi Keneth ananyanyuka na sahani yake na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mama Domitila naye ni mtu mwema. Akija kwao wakati wa chakula, huanza kukohoa tangu barabarani, ili mkwe wake apate muda wa kukimbia. Wameishi hivyo kwa amani miaka mingi.

Mwaka huu Mama Domitila aliumwa macho. Ukungu mweupe ulimziba, ule unaoitwa mtoto wa jicho. Akapata nafasi ya kwenda Mwanza kupasuliwa. Shida ilikuwa moja. Nyumbani kwake alikuwa anaishi na kasuku.

Kasuku huyo ni wa kijivu, mkia wake mwekundu. Anaitwa Karani, kwa sababu manyoya yake yamemkaa kama koti la ofisini. Mama Domitila alimrithi kwa kaka yake aliyekaa Bukoba, kwa kibali cha watu wa wanyamapori, maana kasuku si ndege wa kukamata ovyo na kufuga. Tangu amrithi, Karani ndiye wa kuamka naye na ndiye wa kulala naye.

Basi akamleta kwa binti yake Joyness, mke wa Keneth. Aliwaeleza mambo mengi, lakini gari la Mwanza lilikuwa linapiga honi. Jambo moja hakulisema kabisa. Kwake lilikuwa la kawaida sana, halikumjia hata kichwani.

Jioni ile Joyness aliandaa ugali na dagaa. Keneth akanawa, akakata tonge la kwanza. Mara akasikia sauti ya Mama Domitila mgongoni mwake.

"Karibu chakula, baba."

Keneth alifika uani na sahani yake kabla hajakumbuka kwamba mama mkwe yuko Mwanza. Ndani, Joyness alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Ni Karani huyo, Baba Gloria. Rudi ule."

"Najua ni Karani," Keneth alijibu kutoka gizani. "Lakini sauti si ya Karani."

Ikawa hivyo kila mlo. Asubuhi Keneth akishika kikombe cha uji, sauti inamkaribisha chakula. Mchana akinyanyua mfupa wa mbuzi, anasikia mama mkwe anakohoa. Alikula amesimama uani mpaka kuku wakamzoea wakadhani ni mwenzao. Alikonda. Mkanda wake ulitobolewa tundu jipya.

Mwishowe akapata akili, au alidhani amepata. Joyness alipokwenda sokoni kwenye kibanda chake cha vitenge, Keneth alimbeba Karani na tundu lake akamweka stoo, nyuma ya nyumba. Humo mlikuwa na mkaa, bomba la kupulizia dawa ya pamba, na magunia ya karanga yaliyokaa chini tangu msimu uliopita. Alichota karanga kwenye gunia la chini akajaza bakuli. Akaweka maji. Akafunika tundu kwa kanga kuukuu. Kivuli kipo, chakula kipo, huyu ndege anataka nini tena? Mkewe alipouliza, Keneth alisema Karani amepelekwa kupumzika.

Keneth akala ndani ya nyumba yake kwa raha. Kukawa kimya. Mwanzoni alimshukuru Mungu kwa kimya kile. Baadaye kikaanza kumkwaruza moyoni. Akaenda stoo kufunua kanga.

Karanga zilikuwa karibu zote zipo. Karani alikuwa amekaa chini kabisa ya tundu, amejivimbisha manyoya kama mpira, macho nusu yamefumba. Keneth alimwita. Hakugeuka. Alimkoholea kama mama mkwe anavyokohoa. Wapi.

Joyness aliporudi na kuona, alishika simu ili ampigie mama yake. Keneth akaizuia kwa mkono. Alisema mama ametoka kupasuliwa jicho, daktari amemkataza kulia, na akisikia habari hii atalia. Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Keneth alikuwa anajiuliza jambo jingine. Ng'ombe wa mtu akifia mikononi mwako, unamlipa ng'ombe. Ndege anayesema kwa sauti ya mwenyewe, utamlipa nini? Na utasimama mbele ya mama mkwe na uso gani?

Akaamua kumtibu mwenyewe, kwa njia anayoijua. Ndama akikataa kula, Keneth hukoroga uji mwepesi, hutia chumvi na sukari, hujaza chupa ya soda, huinua kichwa cha ndama na kumimina. Ndama wengi wamepona, na waliokufa hakuwahesabu. Akakoroga uji. Akamfunga Karani kwa taulo. Akainua kichwa chake, akaelekeza mdomo wa chupa.

Karani alikusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akamng'ata kidole gumba.

Sauti aliyoitoa Keneth ilisimamisha pikipiki barabarani. Ilimfikia pia Scola, afisa mifugo wa kata, aliyekuwa nyumba ya pili akichanja kuku dhidi ya kideri. Scola ni mwanamke mrefu, mcheshi, asiye na subira. Alikuja na kisanduku chake cha chanjo begani, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Baba Gloria. Unachinja nini huku?"

"Mwadila. Namnywesha dawa mgonjwa."

Scola aliona taulo, akaona mdomo wa kasuku, akaona chupa. Aliichukua ile chupa taratibu akamwaga uji wote chini.

"Mshukuru aliyekung'ata," alisema. "Amejiokoa. Njia ya hewa ya ndege iko papo hapo nyuma ya ulimi. Ukimmiminia uji unaingia kwenye mapafu. Anazama, na maji hayapo. Hata ndama watu wanawaua hivyo hivyo, halafu wanasema wamerogwa."

Akamkagua Karani bila haraka. Akamsikiliza anavyopumua. Akapapasa kifua chake kwa kidole. Mfupa wa katikati ulikuwa umetokeza kama ukingo wa kisu.

Keneth aliuliza kama atakufa. Safari hii sauti yake haikufika hata mlangoni.

"Anaweza," Scola alisema. "Ndege akiumwa anaficha. Porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa wa kwanza. Ukimwona amejikunyata hivi, ujue ameanza kuumwa kitambo. Tena ndege hana akiba mwilini. Ng'ombe akisusa leo, unaweza kumwangalia kesho. Huyu hana kesho nyingi. Siku ile ile anaposusa chakula, ndiyo siku ya kutafuta mtaalamu."

Kisha akasema wazi kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na kuku. Alimpigia mwenzake wa Mwanza, daktari wa mifugo anayetibu ndege wa nyumbani. Daktari aliuliza maswali mengi. Ndege anakaa wapi? Anakula nini? Choo chake kina rangi gani? Scola alipiga picha ya choo akamtumia. Halafu akataka kuonyeshwa stoo.

Alipoingia alipiga chafya. Mkaa, na harufu ya dawa ya pamba. Alisema mapafu ya ndege ni dhaifu kuliko yetu, na moshi au dawa ya kupulizia inaweza kumuua hata kabla wewe hujasikia harufu. Akachukua karanga moja kwenye bakuli akaipasua. Ndani ilikuwa na ukungu wa kijani. Akapasua nyingine. Hivyo hivyo.

"Na nyinyi mnakula hizi?"

Joyness alisema wanasaga na kuunga mboga.

"Acheni leo. Huu ukungu unatoa sumu, tunaiita sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Inaharibu ini, la ndege na la mtu. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomwangusha Karani. Lakini mimi ningekuwa Karani, ningesusa pia."

Daktari akatoa maagizo kwa simu. Karani atolewe stoo, akae sebuleni, mahali pasipo na moshi wala upepo. Apate joto. Wajaze chupa maji ya moto, waifunge kwa kitambaa, waiweke upande mmoja wa tundu, ili akiona joto limezidi ahamie upande wa pili. Maji safi ya kunywa yawe karibu yake. Wampime uzito kila asubuhi kwa mizani ndogo, kwa sababu manyoya yanadanganya macho. Wampe chakula laini cha uvuguvugu, kidogo kidogo, mara nyingi. Dawa angeituma kwa basi, kipimo kikiwa cha uzito wa Karani. Na kama mpaka kesho jioni atakuwa hajala kitu, basi apelekwe Mwanza bila kusubiri. Huko wangemlisha kwa mpira maalumu. Kazi hiyo hufanywa na aliyesomea tu.

Joyness akauliza kama ampe kwanza nusu ya kidonge, vile vya rangi mbili vilivyobaki mtoto wao Gloria alipokohoa. Scola alikataa. Dawa ya mtu si dawa ya ndege, na kipimo cha kukisia ni sumu.

"Sasa niambieni," Scola alisema. "Kwa Mama Domitila alikuwa anakula nini? Anakulaje?"

Mume akamtazama mke. Mke akatazama dari. Hakuna aliyejua.

"Anajua mwenye ndege. Mpigieni."

Keneth akaanza tena habari ya jicho na machozi. Scola hakumwacha amalize. Alisema jicho la Mama Domitila liko kwa madaktari, ndege yuko hapa. Joyness akapiga, akaweka sauti kubwa ili Scola asikie. Keneth akatoka uani, akasimama chini ya dirisha.

Mama Domitila hakulia. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja.

"Anakula na nani?"

Joyness alisema anakula peke yake.

"Karani hajui kula peke yake," mama alisema. "Mimi nikikaa na michembe yangu, naye anataka michembe. Nisipokula, hali. Kwani nyinyi hamli?"

Hilo ndilo jambo ambalo hakulisema siku ile. Joyness alitazama dirishani, halafu akaeleza ukweli wote, kuanzia tonge la kwanza mpaka stoo. Kisha Mama Domitila akacheka. Alicheka mpaka nesi akaja kumwambia atulize jicho.

"Mwambie mkwe wangu," alisema alipopata pumzi, "huyo ni ndege. Mimi niko Mwanza, nakula sangara. Akae mbele ya Karani ale. Nimemruhusu."

Nje ya dirisha Keneth alijifuta jasho. Scola alieleza kwamba kasuku porini hula kwa kundi. Akiona wenzake wanakula, anajua chakula ni salama. Akiwa nyumbani, kundi lake ni ninyi.

Jioni Joyness alijaribu kula naye. Karani aligeuza shingo. Asubuhi walimweka kwenye mizani, akawa mwepesi kuliko jana. Joyness alivaa haraka, akaenda stendi kuulizia gari la Mwanza na sokoni kutafuta papai. Keneth akabaki na mgonjwa.

Alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, mpaka ikalainika. Scola alikuwa ameikagua, haikuwa na ukungu. Hakutia chumvi wala sukari. Akaweka bakuli mezani. Akavuta kiti. Akakaa akiwa amempa Karani mgongo, akala kipande.

Akakumbuka kwamba ndege anapaswa kumwona. Akageuza kiti nusu. Akala kipande kingine akitazama ukutani. Mwishowe akageuka mzima, uso kwa uso na lile koti la kijivu, akatafuna kwa sauti.

"Mmh," alisema. "Tamu."

Karani alifumbua jicho moja.

Keneth akaanza kuongea, maana hakujua la kufanya. Alimsimulia habari za fahali wa Mwandoya aliyekataa kupanda gari mpaka walipompandisha rafiki yake kwanza. Alikula huku anasimulia. Akapoza kipande kidogo, akakiweka ncha ya kijiko, akakisogeza kwenye nondo za tundu. Hakulazimisha. Akaendelea kula cha kwake.

Jicho la Karani lilifuata mkono wake, kwenda bakulini na kurudi mdomoni. Akasogea hatua. Akainua mguu, akakishika kile kipande, kikamponyoka. Keneth aliacha kutafuna. Karani akakiokota. Akakionja. Akakimeza.

Joyness alirudi na papai mkononi, akaanza kusema kwamba gari lipo. Mumewe alimwinulia kidole.

"Polepole, mama. Tuko mezani."

Dawa ilifika na basi la mchana. Scola alikuja mwenyewe, akaipima, akawaonyesha jinsi ya kuificha kwenye papai. Aliwaambia wasijisahau kwa sababu amekula mara moja. Waendelee kumpima. Wanawe mikono kabla na baada ya kumhudumia. Waoshe bakuli kila siku. Wasimlishe kwa mdomo, maana kuna magonjwa yanayohama kutoka kwa kasuku kwenda kwa mtu. Atakapopona apewe mboga za majani, mahindi ya kuchemsha na matunda, mbegu kidogo tu. Parachichi asiguse, ni sumu kwake. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi, marufuku.

Uzito ulianza kupanda. Manyoya yakalala vizuri. Karani akarudi juu ya kijiti chake. Lakini hakusema kitu, na Keneth, aliyekimbia sauti ile mpaka kwa kuku, sasa alikuwa akiitegea sikio asubuhi na jioni.

Siku moja alikuwa anakula ugali. Alikata tonge, akachovya.

"Karibu chakula, baba."

Keneth alinyanyuka na sahani yake. Miguu ilikuwa imeshageukia mlango wa nyuma. Akasimama. Akarudi. Akakaa.

"Nimeshakaribia, mama," alisema. Machozi yalimlengalenga, akasema ni pilipili. Joyness anasema ile mboga haikuwa na pilipili.

Nyumba ile imebadilika. Karanga zenye ukungu walizifukia kwenye shimo refu, hata kuku hawakupewa. Za msimu huu walizianika juu ya turubai mpaka zikalia zikitikiswa, wakazichambua moja moja, wakapanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Bomba la dawa ya pamba limefungiwa kwenye sanduku lake nje. Stoo ni stoo, na Karani anakaa sebuleni.

Mama Domitila akarudi kutoka Mwanza, macho yanaona mpaka upande wa pili wa barabara. Watu wakajaa. Karani alipomwona alipanda juu ya tundu, akakohoa, akaanza kusimulia kila kitu kwa sauti ya Keneth. Alisimulia stoo, mkaa na karanga. Alipofika kwenye chupa ya soda alilia machozi. Mama Domitila akamgeukia Keneth akamwambia, "Mkwe, vuta kiti." Basi Keneth na Mama Domitila wakala meza moja, na Karani akaongoza sala ya chakula kwa Kisukuma, mwanzo hadi amina.

Hapo ndipo nilipokamatwa.

Nilikuwa nimempa Mama Domitila karatasi hizi ajizoeze. Siku hizi, macho yakiwa mazima, anasoma darasa la watu wazima ninalolifundisha. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, herufi kwa herufi. Kidole kilipofika hapo juu kikasimama. Akarudi nyuma, akasoma tena kwa sauti, mbele ya darasa zima.

"Baba," aliniuliza, "hii sala Karani aliisomea wapi?"

Nilisema labda Bukoba.

"Karani anajua maneno machache. Kukaribisha chakula, salamu ya asubuhi ya mwangaluka, na kikohozi changu. Basi. Na mimi na mkwe wangu hatujala meza moja. Yeye anakula sebuleni na Karani. Mimi nakula jikoni na binti yangu. Tunasikiana vizuri tu."

Kwetu anayekosa mbele ya wenzake hutozwa mchenya, yaani faini ya kijamii. Darasa halikukaa kikao kirefu. Nimelipa kreti nzima ya soda, za baridi, na nimeibeba mwenyewe kutoka dukani. Mama Domitila alichagua ya machungwa.

Nilimwomba kalamu niifute ile sehemu ya uongo. Akaiweka kalamu mfukoni mwake.

"Iache hapo hapo," alisema. "Na wenzangu wajifunze kukukamata."